Moto Niliouondoa Nyakashozi

Nimerudisha baiskeli ya serikali, pampu yake, na kamba ya kupimia ambayo futi zake za mwanzo zilikwisha kufutika kwa vidole vyangu. Kijana aliyevipokea, ambaye sasa ndiye anayeshika eneo langu, aliniambia, "Mzee, kabla hujazama kwenye kahawa yako, tuandikie kidogo. Tuliyofundishwa shuleni hayatoshi kuingilia nyumba za huku." Nimekubali. Mishahara na vyeo sitavigusa. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika zaidi juu ya kitongoji kimoja, Nyakashozi, kilicho juu ya mgongo wa kilima upande wa Kituntu. Huko nilifanya kazi kwa bidii kuliko mahali pengine popote, na huko huko nilikosea kuliko mahali pengine popote. Tena kiangazi hiki ninyi ndio mtakaopanda kwenda kukikagua.

Mimi ni mtu wa Muleba, wa nyumba ya Walutheri. Nilisoma hadi sekondari, jambo lililokuwa adimu wakati ule na lililonifanya nitembee nimenyoosha shingo. Baada ya mafunzo ya afya nilipangiwa Karagwe, miaka ya thelathini. Nilifika sehemu ya njia kwa lori la mfanyabiashara wa kahawa, sehemu kwa miguu, nikiwa na viatu vipya ambavyo kufika Kihanga nilikuwa nimevibeba mkononi. Kihaya changu na Kinyambo cha wenyeji vilielewana kama ndugu waliogombana kidogo. Mambo ya ofisini yalikwenda kwa Kiswahili, ambacho wote tulikuwa tumejifunza ukubwani na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Aliyenipokea ni Bwana Zakaria, Bwana Afya wa zamani, mtu wa Bukoba, mwembamba, asiyependa maneno. Siku ya kwanza alinipeleka Nyakashozi. Tulipofika mlangoni pa nyumba ya kwanza nilitaka kuingia na tochi yangu imewaka. Akanishika shati.

"Unakwenda wapi?"

"Kukagua, bwana."

"Zima hiyo. Ukimmulika mtu usoni ndani ya nyumba yake umekwisha kumwita mwizi. Salimia, ukaribishwe, uingie, usimame. Usiseme neno mpaka macho yako yazoee giza. Ukisema kabla ya kuona, utasema upumbavu."

Nilifanya hivyo. Macho yalipozoea, nikaona nyumba ya msonge kwa mara ya kwanza kama mkaguzi na si kama mtoto aliyezaliwa ndani yake. Ilikuwa kapu kubwa lililofunikwa. Mafundi huanza kusuka kilele chake chini, matete kwa fito, duara juu ya duara, huku wakikiinua kwa nguzo kadiri kapu linavyopanuka, hadi ukingo wake uguse ardhi. Juu yake huja nyasi, tabaka baada ya tabaka. Ndani kuna viambaza vya matete: huku kitanda, huku ndama, huku wageni, na katikati mafiga na moto. Sakafu ilitandikwa nyasi laini zilizokatwa upya, na harufu yake ilichanganyika na moshi na maziwa. Nilikohoa hadi machozi. Zakaria hakukohoa.

Nje, kila nyumba ilikaa ndani ya kibanja chake cha migomba kama yai ndani ya kiota. Kati ya kibanja na kibanja kulikuwa na vijia vilivyopandwa milamula pande zote, ule mmea wa majani marefu wa kuwekea mpaka. Milango yote ilitazama mteremko, hivyo ukitoka nje asubuhi ulimwona jirani yako ametoka na ukamwamkia bila kupanda wala kushuka. Mbele ya kila mlango palikuwa na uwanja uliofagiliwa. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, walilala waliokufa. Mtu wa Nyakashozi akikwambia "kwetu" anajumlisha vyote hivyo, pamoja na makaburi. Mimi nilisikia neno hilo mara nyingi kabla ya kulielewa.

Zakaria aliondoka Karagwe kwa sababu ya mapafu, na eneo likawa langu. Baada ya vita kuu vya pili likaja agizo. Lilikuwa na maneno mengi, lakini kwa nyumba za msonge lilikuwa na mambo matatu: ndama watoke ndani, madirisha yatobolewe, na moto utoke, jiko lijengwe nje.

Kuhusu ndama sina majuto. Papasi walikuwa wengi na homa yao ilikuwa mbaya. Kuhusu madirisha, agizo lilitaka dirisha kwenye kila ukuta, na nyumba za Nyakashozi hazikuwa na ukuta; paa lilianzia mbinguni likaishia kwenye udongo. Niliandika kwamba kazi ya madirisha "inaendelea." Iliendelea kwa miaka mingi.

Lakini moto niliushughulikia. Nilikuwa nimeona macho ya watoto yalivyokuwa mekundu, nimeona mtoto aliyetambaa akaangukia mafiga. Niliamini, na bado naamini, kwamba jiko la nje lilikuwa jambo jema. Kosa langu halikuwa hapo. Kosa langu lilikuwa kuukata moto kama mtu anavyokata kucha, nikidhani haukushikamana na kitu kingine.

Kiangazi kimoja nilipanda Nyakashozi nyumba kwa nyumba. Mkungu, yaani mkuu wa kitongoji, Kahigi, mtu mkubwa wa mwili na mwenye heshima, alikubali kuanza ili wengine wafuate. Niliyabeba mafiga yake nje kwa mikono yangu, yakiwa bado ya moto, watu wakitazama. Mkewe akauliza, "Na baridi ya alfajiri, Bwana Afya?" Nikamjibu ajifunike blanketi la pili. Tangu siku ile wanawake wa Nyakashozi waliniita Bwana Baridi. Walilisema jina hilo kwa heshima zote: "Shikamoo, Bwana Baridi." Nikawa naitikia marahaba, ningefanya nini?

Mwisho wa kiangazi kile hapakuwa na moto ndani ya nyumba hata moja. Nilisifiwa. Wakaguzi wa Ihembe waliletwa kuona nilivyofanya. Nyumba niliyopenda kuwaonyesha ilikuwa ya mjane mmoja, Mama Kokugonza, msuka mikeka mwenye ulimi mwepesi. Kwake palikuwa pakavu, safi, nyasi za sakafuni mpya kila mara. "Mtazameni huyu mama," nilikuwa nikisema. "Ametii, na nyumba yake imemshukuru." Yeye aliinamisha kichwa na kuendelea kusuka.

Misimu michache ya mvua ikapita, nikaanza kuitwa. Paa la Kahigi lilikuwa linavuja upande wa kitandani. Kisha la jirani yake. Kisha upande wote wa kaskazini wa kitongoji. Nyasi zilikuwa nyeusi, zenye utelezi, ukizibonyeza zinatoa maji kama sifongo. Matete ya ndani yalitobolewa na vijidudu, na unga mweupe ulidondoka kwenye vyakula. Mapaa ambayo watu walizoea kuyaona yakidumu hadi watoto wao waoe yalikuwa yanaoza mbele ya macho yao.

Aliyeezeka karibu nyumba zote hizo ni Mzee Bitegeko. Nyakashozi hakukuwa na fundi mwingine wa kulinganishwa naye. Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya kushika fito kama mikono, na alijenga bila kupima chochote. Niliitisha baraza kwa Kahigi, na pale, mbele ya watu, nikasema kwamba mapaa yameoza kwa sababu nyasi zilikatwa mbichi na kufungwa kizembe. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Bitegeko alisimama. "Bwana Afya, nyasi ni za bonde lile lile alilokata baba yangu. Nilizianika kama alivyoanika yeye. Labda nyasi zimebadilika. Mimi siwezi kusema."

"Huwezi kusema kwa sababu hukuangalia," nikamwambia.

Mwanamke mmoja akasema chini chini, "Mikono imezeeka, jamani." Watu wakacheka, si sana. Bitegeko akakaa. Baada ya siku ile hakuna aliyemwita kuezeka. Wenzake wa kazi walitawanyika, mmoja akavuka kwenda Uganda. Yeye alikaa nyuma ya nyumba yake akichonga mizinga ya nyuki.

Mkumbuke jambo moja hapa. Sikuwa peke yangu niliyekosa kujua. Kahigi hakujua, wazee hawakujua, hata Bitegeko mwenyewe hakujua. Katika kumbukumbu ya watu wote wa kilima kile, hakuna aliyewahi kuishi ndani ya msonge usio na moto. Wangejuaje unavyokuwa?

Habari za kuoza zikafika kwa mkubwa wangu, Mwingereza mmoja mwenye haraka, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Alipanda, akazunguka, akachomeka fimbo yake kwenye paa la Kahigi, nayo ikazama hadi kwenye mkono wake.

"Nyumba hizi zimekwisha," alisema. "Mvua kubwa ikipita nitarudi. Kama hali ni hii, kitongoji chote kinavunjwa. Watu watakwenda kando ya barabara. Nyumba za pembe nne, mistari miwili, zimenyooka."

"Na migomba, bwana?" Kahigi akauliza.

"Watapanda mingine."

Mama Kokugonza, aliyekuwa amesimama kwa nyuma na mkeka kichwani, akasema kwa Kinyambo kwamba mume wake hapandikizwi. Mkubwa akataka kujua amesema nini. Nikamwambia kwamba anaomba muda. Ndiyo tafsiri niliyoweza.

Nilishuka kilima siku ile nikiwa nimeamua. Sikutaka Nyakashozi ivunjwe. Nilikuwa nimezikagua nyumba nyingi za mistari miwili kando ya barabara, za pembe nne, zenye vumbi, ambazo jirani anatazama mgongo wa jirani. Nilikuwa nimekwisha kujua thamani ya milango inayotazama mteremko mmoja. Nikajisemea kwamba kama nyumba hata moja ni nzima, lazima iwe na sababu, na sababu hiyo ndiyo nitakayomwonyesha mkubwa. Na nyumba nzima niliijua: ile ya Mama Kokugonza, mfano wangu wa utii.

Nilipanda mvua zikiwa zimeanza kushika. Nilisalimia, nikakaribishwa, nikaingia, nikasimama hadi macho yakazoea. Maji yalikuwa yakimwagika juu ya paa kwa kelele, na ndani hapakuwa na tone. Nikapeleka mkono kwenye matete. Yalikuwa magumu kama pembe. Nikautazama mkono wangu: vidole vyote vilikuwa vyeusi kwa masizi. Masizi mapya.

Katikati ya nyumba kulikuwa na kapu kubwa limefunikwa, na kuku amelala amejibana ubavuni mwake, manyoya yametanuka kwa raha.

"Mama, chini ya kapu kuna nini?"

"Mayai."

"Na kuku yuko nje ya kapu?"

"Ni mvivu huyo."

"Naomba nione mayai."

"Bwana Baridi, mwanaume mzima na mayai ya mjane?"

Nikaliinua kapu. Chini yake kulikuwa na chungu kilichofunikwa juu ya mafiga, na chini ya chungu, makaa mekundu ndani ya majivu. Moshi mwembamba ukapanda taratibu kuelekea kileleni, ukapotea ndani ya nyasi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku ile ile. Ulipofika kwenye milamula ya mpakani nikaurudisha."

"Na wageni wa Ihembe? Nimewaleta hapa, nimekusifu!"

"Nilisikia. Ulinisifu vizuri sana."

Nikaketi kwenye mkeka wake bila kukaribishwa. Nilimuuliza kama alijua kwamba moshi unalinda paa. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. "Paa? Mwanangu, mimi ni magoti. Baridi ikiingia siwezi kuinuka. Mambo ya paa muulize Bitegeko."

Ndipo nikakumbuka kwamba Bitegeko ndiye aliyeezeka nyumba hiyo pia, katika kiangazi kile kile alichoezeka ya Kahigi, kwa nyasi za bonde lile lile. Nikatoka kwenye mvua hadi kwa Kahigi, nikaingiza mkono kwenye paa lake. Uliingia hadi kiwiko na kutoka na uozo. Nikarudi kwa mjane, nikagusa tena. Mkono mmoja wa fundi, nyasi za aina moja, mvua moja. Tofauti ilikuwa yale makaa. Moshi ulikausha nyasi kila siku, ukafukuza vijidudu, ukapaka matete masizi hadi yakawa kama yamepigwa lami. Mimi nilikuwa nimeondoa dawa ya paa, kisha nikamlaumu fundi kwa ugonjwa.

Nilikwenda kwa Bitegeko kwa kupitia nyuma, ambako alikuwa akichonga mzinga. Nikamweleza yote. Alisikiliza, patasi mkononi, hadi mwisho.

"Kwa hiyo si nyasi."

"Si nyasi, mzee wangu."

"Wala si mikono."

"Wala si mikono."

Aliitazama mikono yake, pande zote mbili. "Mimi nilikuwa nimekubali, unajua. Nilikuwa nikiamka nasema, basi, imezeeka, niiache ichonge mizinga." Kisha akainua macho. "Uliponitukana ulisimama barazani. Leo mbona umepita nyuma ya nyumba?"

Nilimwomba Kahigi aitishe baraza.

Watu walikuja wengi, kwa sababu walidhani ni habari za kuhamishwa. Nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nikasema kwamba Bitegeko hakukosea. Kwamba niliyeozesha mapaa ya Nyakashozi ni mimi, kwa kutoa moto bila kuuliza unafanya kazi gani nyingine zaidi ya kupika. Sikumtaja Mama Kokugonza. Nilisema tu kwamba nimeona nyumba moja yenye moto. Vichwa vyote vikageuka kumtazama yeye, na yeye akageuka kutazama nyuma yake kana kwamba anamtafuta mtu huyo.

Mke wa Kahigi akasema, "Kwa hiyo tumekufa baridi bure."

"Ndiyo, mama."

"Alaa. Nilitaka tu nikusikie ukisema."

Walicheka, na kicheko hicho hakikuwa cha kunipendeza, lakini nilikistahili. Kahigi peke yake hakucheka. Aliuliza, "Paa langu linaweza kupona?" Nikamtazama Bitegeko. Bitegeko akatikisa kichwa. Kahigi, ambaye alikuwa wa kwanza kunitii ili wengine wafuate, alikuwa pia wa kwanza kupoteza nyumba. Sijui namna ya kuandika hilo vizuri, kwa hiyo naliandika hivyo lilivyo.

Hatukurudisha kila kitu. Ndama walibaki nje, na chakula kiliendelea kupikwa nje. Tulichokubaliana ni kile walichokuja kukiita moto wa paa. Unawashwa asubuhi watu wakiwa wamekwenda shambani na watoto wako nje. Kuni zisiwe kavu mno, kwa sababu kinachotakiwa ni moshi, si ndimi za moto. Mlango unarudishwa. Mzee mmoja anakaa karibu kuulinda. Mchana moto unafunikwa majivu, mlango unafunguliwa, na watoto wanaporudi kulala moshi umekwisha kutawanyika. Niliupima moshi huo mwenyewe, nikikaa ndani na kuhesabu kikohozi changu. Macho ya watoto hayakurudi kuwa mekundu kama zamani. Hii ndiyo kazi ninayoweza kusema niliifanya vizuri, na ilianzia chini ya kapu la mayai.

Mvua kubwa ikapita, mkubwa akarudi. Aliingia nyumba ya kwanza akatoka akipangusa macho.

"Nani ameruhusu moto?"

"Mimi, bwana."

"Agizo linasema moto utoke."

"Ulitoka, bwana. Paa likaoza. Nimeurudisha saa chache kwa siku, watoto wakiwa nje. Naomba uchomeke fimbo yako hapa."

Aliichomeka. Haikuingia. Akajaribu nyumba ya pili, na ya tatu, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayetaka kushinda ubishi. Upande wa kusini, ambako uozo ulikuwa haujazama, mapaa yalikuwa yamekauka na kushika. Upande wa kaskazini tulikuwa tumechelewa, fimbo ilizama. Alisimama uwanjani kwa Kahigi akipangusa uozo kwenye fimbo yake.

Uamuzi wake ulikuwa huu: zilizooza zivunjwe, wenyewe waende barabarani. Zilizo nzima zibaki. "Lakini hakuna paa jipya tena hapa. Hizi zikae mpaka mapaa yaishe. Paa likiisha, nyumba imekwisha. Kila kiangazi Bwana Afya ataandika: kuna paa jipya, au hakuna." Akaliweka jambo hilo katika amri, na mpaka leo amri hiyo haijafutwa. Mimi nilipewa onyo kali, nalo lilinifuata kazini kwa muda mrefu, lakini nimesema sitagusa vyeo.

Nyumba za kaskazini zilivunjwa kiangazi hicho. Nilikwenda kushika kamba ya kuziangushia mwenyewe, kwa sababu sikuona haki ya kumtuma mtu mwingine. Msonge ukiangushwa hauanguki kwa kishindo. Unakaa chini polepole, kama mtu mzima aliyechoka. Kahigi alijengewa nyumba ya pembe nne kando ya barabara, baadaye akapata mabati. Kila nilipopita kwa baiskeli aliniuliza, "Ukitoka huko juu, niambie migomba yangu ikoje." Angeweza kupanda mwenyewe, na mara nyingine alipanda kupalilia makaburi ya wazee wake. Lakini aliendelea kuniuliza mimi. Nilimjibu kila mara, na kila mara nilishuka kwenye baiskeli kwanza.

Waliobaki walikuwa na mapaa mazima, lakini paa la nyasi ni kitu chenye kuisha, hata kwa moshi. Amri ilikuwa imewapa muda tu. Siku chache baada ya kuvunja, Bitegeko alinikuta nikiandika uwanjani kwa Mama Kokugonza.

"Yule bwana alisema paa jipya?"

"Paa jipya halitakiwi. Ndivyo alivyosema."

"Alitaja kiraka?"

Nikafikiri. "Hakutaja kiraka."

Bitegeko akaitazama nyumba kuanzia ukingo wa chini, tabaka kwa tabaka, hadi kileleni, midomo ikicheza kidogo. "Basi mimi sijengi paa," akasema. "Mimi naweka viraka."

Kiangazi hicho alitoa tabaka moja la nyasi kuzunguka nyumba, lile la chini kabisa, akaweka jingine. Kiangazi kilichofuata akapanda tabaka la pili. Aliinua nyasi za juu kwa kijiti kipana, akasukuma mafungu mapya chini yake, akafunga kwa kamba za migomba, akashusha. Aliwafundisha wanaume wa kitongoji, na alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyepata kumjua. Fungu lililolegea alilivuta akakutupia. Akifika kileleni katika nyumba moja, chini panakuwa pamezeeka, anaanza tena. Hivyo kila nyumba ya Nyakashozi ina nyasi za miaka mingi tofauti juu yake, na hakuna siku hata moja ambayo unaweza kusimama mbele yake ukasema hili ni paa jipya.

Kila mwaka wakubwa waliofuatana waliniuliza, "Kuna paa jipya?" Na kila mwaka nilipanda, nikagusa, nikaona, nikajibu, "Hakuna, bwana. Kuna kiraka." Haukuwa uongo. Bitegeko aliniitikia salamu hadi alipofariki, kwa adabu kamili. Hakuwahi kunikaribisha ndani ya nyumba yake. Sikumlaumu, wala simlaumu sasa.

Mama Kokugonza yupo, magoti yake mabaya zaidi, ulimi vile vile. Wanaume aliowafundisha Bitegeko wanaendelea. Na amri ile ipo kwenye faili mtakalokabidhiwa, pamoja na safu ya kujaza.

Kwa hiyo vijana, mtapanda kiangazi hiki. Simameni mlangoni, salimieni, subirini macho yazoee. Mtaona moshi, msikimbilie kalamu. Mtaona tabaka moja la nyasi lenye rangi ya njano kuzunguka paa, jipya kabisa, na huenda mkadhani mmekamata kosa. Ulizeni, mtaambiwa ni kiraka. Msiamini maneno peke yake. Pandeni, ingizeni mkono, hakikisheni ni pakavu na kamba imeshika, na kama imelegea waambieni warudie. Kisha andikeni: kiraka. Mkubwa akiuliza kiraka hicho kitakwisha lini, mjibuni kama nilivyokuwa nikijibu mimi: bado, bwana, wanaendelea.